Ukungu na Watu Warukao

Miongoni mwa maadui wa rubani, ukungu ndio adui mwenye sura ya upole. Radi hunguruma, na dhoruba hutanguliwa na upepo na vumbi. Bali ukungu huja kimya, ukalala juu ya ardhi kama shuka, na mtu aliye salama nyumbani kwake hupendezwa nao. Mchuma chai wa Limuru huuona alfajiri juu ya mashamba, akavuta koti lake, akaenda zake kazini. Ajua kwamba jua likipanda vizuri litaumaliza. Mtu huyo huyo akiwa ndani ya ndege iliyopungukiwa na mafuta, asione ardhi chini wala mbingu juu, angeutazama kwa macho mengine.

Habari za watu waliojifunza kuruka katika ukungu ni habari za miaka mia moja na zaidi, na nyingi katika hizo ni za misiba. Jambo kubwa walilojifunza ni hili: ukungu si kitu kimoja. Ni vitu kadha wa kadha vyenye sura moja, kama ndugu wafananao kwa uso wasiofanana kwa tabia. Mmoja hutoweka akiona jua. Mwingine huweza kukaa siku nyingi mfululizo, upepo ukivuma. Wa tatu huja na kuondoka kwa dakika, na huyo ndiye aliyekuwapo siku walipokufa watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ndege zilipogongana. Rubani asiyeweza kuwatenga ndugu hawa hawezi kujua kama yampasa kungoja, kwenda kutua mahali pengine, au kutoondoka kabisa.

Ukungu ni wingu liligusalo ardhi. Hewa yote tuivutayo ina mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi, na hewa ya baridi hubeba kidogo. Basi hewa ikipoa, hufika kiwango ambacho haiwezi tena kuubeba mzigo wake, nayo huutua. Kiwango hicho huitwa kiwango cha umande, kwa kuwa ndicho kiletacho umande juu ya majani. Lakini mvuke hauwezi kugeuka kuwa matone katika hewa tupu bila kupata kitu cha kushika. Jambo hili lilionyeshwa na Mskoti mmoja, John Aitken, katika karne ya 19. Alichukua vyombo viwili vya kioo. Kimoja alikitia hewa ya kawaida, na cha pili hewa iliyochujwa kwa pamba. Akaingiza mvuke katika vyote viwili. Chombo cha kwanza kilijaa ukungu mzito, na cha pili kikabaki safi. Kumbe kila tone la ukungu limejengwa juu ya chembe ya vumbi, au ya moshi, au ya chumvi ya bahari. Ndiyo sababu miji iliyochoma makaa ya mawe kwa wingi, kama London ya zamani, ilipata ukungu mzito mno.

Maji yaliyomo katika ukungu ni machache kuliko tunavyodhani. Kama darasa lako lingejaa ukungu mzito, hata usimwone aliyeketi dawati la mbele, na kama ungeweza kuyakusanya matone yote, maji yale yasingejaza kikombe kimoja cha chai. Kiasi hicho kidogo, kikigawanyika katika matone madogo yasiyohesabika, chatosha kuizuia nuru na kuyafunga macho ya mwanadamu.

Wataalamu wa hewa wamekubaliana kuuita ukungu pale ambapo mtu hawezi kuona zaidi ya mita 1,000. Kwa mtu aendaye kwa miguu, umbali huo si kitu. Lakini ndege kubwa ishukayo kutua hukata kiasi cha mita 70 kwa kila sekunde moja. Mita 1,000 kwake ni sekunde 14 tu, na mara nyingi ukungu haumpi rubani hata robo ya hizo.

Ndugu wa kwanza tutakayemtazama ni ukungu wa baharini. Mwezi wa Aprili, 1912, meli ya Titanic iligonga jabali la barafu ikazama, nao usiku ule, ajabu ya Mungu, haukuwa na ukungu. Hata hivyo msiba huo uliwafanya Waingereza wapeleke meli moja ya zamani, Scotia, mwaka 1913, kulinda njia ya meli karibu na Newfoundland na kuangalia barafu. Ndani yake alikuwamo kijana mtaalamu wa hesabu na elimu ya hewa, G. I. Taylor, mwenye umri wa miaka 27. Kazi yake aliifanya kwa tiara, kama watoto wafanyavyo, ila tiara zake zilichukua vipimo vya joto na unyevu.

Kila mtu apandaye mlima ajua kwamba kadiri apandavyo ndivyo baridi izidivyo. Tiara za Taylor zilileta habari tofauti: juu ya bahari ile, mara nyingi hewa ya chini ndiyo iliyokuwa baridi, na ya juu yake ikawa na joto. Taylor akaitafutia sababu. Pande zile mikondo miwili ya bahari hukutana, mmoja wa maji ya moto utokao kusini katika Ghuba ya Meksiko, na mwingine wa maji baridi sana ushukao kutoka Labrador. Hewa iliyopata joto na unyevu juu ya mkondo wa kwanza husukumwa na upepo mpaka juu ya maji baridi, ikapoa tumboni, na ukungu ukazaliwa. Hapa pana jambo lililowadanganya wengi. Watu walizoea kusema kwamba upepo hufukuza ukungu. Ukungu wa namna hii waletwa na upepo wenyewe, na maadamu upepo wavuma kutoka upande ule ule, waendelea kuletwa usiku na mchana. Rubani angojaye jua liuondoe yamkini atangoja bure.

Miaka sita baada ya safari ya Scotia, watu wawili waliingia katika hewa hiyo hiyo kwa ndege. Tarehe 14 Juni, 1919, John Alcock na Arthur Whitten Brown waliondoka St. John's katika Newfoundland kwa ndege ya Vickers Vimy yenye injini mbili, wakakusudia kuvuka Atlantiki bila kutua, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yao. Walikaa mahali pasipo paa, upepo ukiwapiga usoni, na muda mrefu hawakuona bahari wala nyota. Usiku, ndani ya wingu nene, Alcock alipoteza habari za mlalo wa ndege yake. Hakujua kama yuko sawa au ameinama upande. Ndege ikaanza kuanguka huku ikizunguka. Walipotoka chini ya wingu, bahari ilikuwa karibu nao mno, nayo haikuonekana chini ya miguu yao bali kama ukuta uliosimama kando. Alcock aliiweka sawa ndege yake pale tu macho yake yalipopata kitu cha kushika. Asubuhi ya tarehe 15, baada ya safari ya karibu saa 16, walitua karibu na Clifden, Ailandi, katika uwanja wa kijani walioudhani kuwa mbuga kavu. Ulikuwa kinamasi, na ndege ikachomeka pua matopeni. Wao wenyewe walitoka salama.

Kwa nini rubani hodari kama Alcock asijue juu ni wapi na chini ni wapi? Jibu limo sikioni. Ndani kabisa ya sikio la mwanadamu mna vijifereji vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, na ubongo huambiwa kwamba tumegeuka. Lakini mzunguko ukiwa wa polepole na wa kuendelea, majimaji huishia kwenda pamoja na vijifereji, na sikio hunyamaza. Mtu huzunguka akijiona ametulia. Tena akiacha kuzunguka, sikio humwambia kwamba sasa ameanza kuzunguka upande wa pili, naye hujitahidi kusahihisha kosa lisilokuwapo, akajiua. Tukiwa ardhini macho hulirudi sikio. Ndani ya ukungu macho hayana la kusema. Marubani wa zamani walijisifu kwamba huruka kwa makalio, yaani huihisi ndege kwa miili yao kama mpanda farasi. Na wengi katika hao, nadhani, walikufa wakiamini hivyo.

Aliyeonyesha njia nyingine ni Mmarekani James Doolittle. Tarehe 24 Septemba, 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field karibu na New York, kiti chake kilifunikwa turubai pande zote asione nje hata kidogo. Rubani mwingine, Benjamin Kelsey, alikaa kiti cha mbele kisichofunikwa, ili aokoe mambo yakiharibika. Naye aliweka mikono yake mahali pa kuonekana, watu walio chini wapate kushuhudia kwamba hagusi kitu. Doolittle aliruka, akazunguka, akarudi, akatua pale pale alipoondokea, baada ya dakika 15. Mbele yake alikuwa na vyombo ambavyo Alcock hakuwa navyo: upeo wa bandia, ulioshikiliwa na gurudumu lizungukalo kwa kasi bila kupinda, ukimwonyesha mlalo wa mbawa zake; dira ya namna hiyo hiyo; kipimo cha kimo kilichoweza kupambanua tofauti ya futi chache; na chombo kilichopokea ishara za redio kutoka kiwanjani. Chombo kimoja kimoja si ajabu. La ajabu ni kwamba mtu alikubali kukiamini kioo kidogo kilichomwambia kwamba yuko sawa, ilhali mwili wake wote walia kwamba anaanguka. Hata leo kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa utii huo, na si rahisi.

Wala vyombo havimfai rubani aviachaye. Asubuhi ya tarehe 28 Julai, 1945, rubani wa ndege ya jeshi la Marekani aina ya B-25, mtu aliyekuwa amepita vitani salama, alishuka chini ya kimo cha salama katika ukungu wa New York akitafuta kuona mji. Aliliona jengo la Empire State akiwa amechelewa. Ndege iliingia katika ghorofa ya 79, na watu 14 wakafa, yeye akiwa mmojawapo.

Tumwendee ndugu wa pili, ukungu wa nchi kavu, anayejulikana sana na watu wa mabondeni. Usiku ukiwa hauna mawingu, ardhi huupoteza upesi joto iliyoupokea mchana, kama jiko lililoachwa bila mfuniko. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa nayo, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutiririka polepole mpaka mabondeni ikatulia. Usiku wa wazi na hewa iliyotulia, vitu ambavyo msafiri angevishukuru, ndivyo vimleavyo. Upepo wa kutosha humvunja, na jua humla kuanzia kingoni. Katika nchi zetu za joto huisha mapema. Lakini katika Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi, usiku ni mrefu na jua la mchana halina nguvu, na ukungu ulioanza jioni waweza kumaliza siku mbili au tatu.

Vita vya pili vya dunia vilikusanya mamia ya viwanja vya ndege katika nchi tambarare ya mashariki ya Uingereza, mahali ambapo ukungu na mawingu ya chini ni wageni wa kila mara. Usiku wa tarehe 16 Desemba, 1943, Lancaster zaidi ya 480 zilitumwa kwenda kupiga mji wa Berlin. Adui aliziangusha 25. Zilizosalia zilirudi nyumbani kabla ya alfajiri zikiwa na mafuta kidogo, zikakuta viwanja vimefunikwa. Vijana waliokuwa wamepita katika mizinga ya Berlin walizunguka juu ya nchi yao wenyewe wakisikia sauti za wenzao katika redio wakiomba ruhusa ya kutua, wala hawakuona taa. Baadhi walishuka kuutafuta uwanja wakagonga miti na vilima; wengine waliziachilia ndege zao wakaruka kwa miavuli. Karibu Lancaster 30 ziliangamia kwa njia hiyo na watu kiasi cha 150 wakafa, katika nchi yao, bila adui kupiga risasi. Kwa hesabu ya ndege, ukungu ulishinda mizinga usiku ule.

Wakubwa wa Uingereza hawakuwa wamelala. Tangu Septemba 1942, Churchill alikuwa ameagiza itafutwe njia ya kuufukuza ukungu viwanjani, na mhandisi wa mafuta, Arthur Hartley, aliongoza kazi ya kutengeneza chombo kilichoitwa FIDO. Fikira yake ni nyepesi hata mtoto aweza kuielewa. Ikiwa ukungu umezaliwa kwa kupoa kwa hewa, basi hewa ikipata moto tena, hata nyuzi chache tu, matone yatarudi kuwa mvuke. Mabomba yenye matundu yalilazwa kandokando ya barabara ya kurukia, petroli ikasukumwa ndani yake, ikawashwa. Kwanza ulitoka moshi mweusi wa kutisha. Mabomba yalipopata moto sawasawa, moshi ukaisha na ndimi za moto zikasimama safu mbili, na katikati yake hewa ikafunguka kama chumba kisicho na paa. Tarehe 19 Novemba, 1943, ndege nne za Halifax zilitua kwa njia hiyo katika kiwanja cha Graveley. Baadaye viwanja 15 vya Uingereza vilikuwa na mabomba hayo, na yakisiwa kwamba ndege kama 2,500 zilitua kwa msaada wake. Gharama yake ilikuwa kubwa mno, makumi ya maelfu ya galoni za petroli kwa saa. Nchi iliyo vitani haihesabu mafuta ikiwa anayeokolewa ni rubani. Kampuni ya abiria huhesabu. Amani iliporudi, moto ule ukazimwa.

Ziko namna nyingine zinazoweza kutajwa kwa ufupi. Hewa baridi sana ikipita juu ya maji yenye joto, maji hutoa mvuke kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Ukungu huo huwa mfupi, nao huonekana juu ya maziwa alfajiri. Mvua ya hewa yenye joto ikinyesha kupitia hewa ya baridi iliyo chini yake, hewa hiyo hujaa maji mpaka ikashindwa, na ukungu huja pamoja na mvua. Na katika nchi za theluji kuna ukungu ambao matone yake yamepoa kupita kiwango cha kuganda ila hayajaganda. Huo ndio pekee ambao wanadamu wamepata kuutibu kwa bei nafuu, kwa kuunyunyizia barafu kavu, matone yakageuka chembe za theluji zikaanguka. Kiwanja cha Salt Lake City katika Marekani kimepata kutumia dawa hiyo. Kwetu haina kazi.

Baada ya vita Waingereza waliiacha fikira ya kuufukuza ukungu wakashika ya Doolittle, wakaisukuma mpaka mwisho wake. Kama vyombo vyaweza kumwongoza rubani, kwa nini visiiongoze ndege yenyewe? Mwaka 1945 kilianzishwa kikosi maalumu cha kuchunguza jambo hilo, nacho kilifanya kazi miaka 20 kabla ya abiria kuonja matunda yake. Tarehe 10 Juni, 1965, ndege ya Trident iliyotoka Paris na abiria wake iligusa ardhi ya London kwa mitambo. Hila iliyoifanya ndege hiyo iaminike ilikuwa ya kibaraza: mitambo mitatu iliyofanana ilifanya kazi moja, na mmoja ukitofautiana na wenzake wawili, hushindwa kwa kura ukanyamazishwa.

Mitambo hiyo haikuondoa sheria, bali ilizidisha. Kiwanja na ndege na rubani wake vyote vyapimwa na kupewa daraja. Katika daraja la kwanza, rubani akifika futi 200 juu ya ardhi na asione taa za barabara, hana budi kuipandisha ndege tena. Katika daraja la pili, kimo hicho ni futi 100. Katika la tatu aweza kushuka chini zaidi. Ili kujua rubani ataona nini, zamani mtu alisimama karibu na barabara ya kurukia akahesabu taa alizoweza kuziona, na hesabu yake ikapigiwa simu mnarani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine zipimazo nuru. Mitambo ya daraja la juu yagharimu fedha nyingi kuiweka na kuitunza, na viwanja vingi vya dunia havina, kwa kuwa ukungu wao si wa kila siku.

Sasa tumefika kwa ndugu wa tatu, na huyu ni jirani yetu. Hewa yenye unyevu ikisukumwa na upepo kupanda mteremko, hutanuka kadiri ipandavyo, na kwa kutanuka hupoa. Ikifika kimo fulani, wingu huzaliwa. Mtu aliye chini bondeni huliona wingu limekaa mlimani. Mtu aliye mlimani yumo ndani yake, naye huliita ukungu. Nyanda zote za juu za Kenya zaishi kwa hewa ya namna hiyo ipandayo kutoka Bahari ya Hindi. Mlima wa Marsabit ni mfano bora. Umesimama peke yake kati ya nchi kame, na msitu wake hunywa ukungu uletwao na upepo wa kusini-mashariki usiku na alfajiri. Bila ukungu huo msitu usingekuwapo. Basi kile kilicho uhai kwa miti ni mtego kwa rubani, maana wingu na mlima vimeshikamana, na alionaye wingu hauoni mlima ulio ndani yake. Tarehe 10 Aprili, 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka karibu na mji wa Marsabit katika hali mbaya ya hewa, ikiwachukua viongozi waliokuwa wakienda kutafuta amani kati ya jamii za kaskazini. Watu 14 walikufa, wabunge kadhaa wakiwa miongoni mwao. Na tarehe 5 Juni, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare, wakafa wote 10.

Lakini msiba mkubwa wa ukungu wa mteremko ulitokea mbali na hapa, katika kisiwa cha Tenerife, mali ya Hispania, karibu na pwani ya Afrika ya kaskazini-magharibi. Kiwanja cha Los Rodeos kimejengwa huko juu, mita 633 kutoka usawa wa bahari, katika uwazi kati ya milima. Upepo wa bahari husukuma mawingu kupita hapo. Si ukungu uliolala. Ni mawingu yatembeayo ardhini, vipande vipande, hata mtu aweza kuona kilomita kadhaa sasa hivi, na baada ya dakika mbili asione ncha ya bawa la ndege yake.

Jumapili, tarehe 27 Machi, 1977, bomu lililipuka katika kiwanja cha kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege zilizokuwa zikienda huko zikaelekezwa Los Rodeos. Kiwanja kile kidogo kilijaa. Kati ya ndege hizo zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani. Ndege zilizoegeshwa ziliziba njia ya pembeni, hivyo kila iliyotaka kuondoka ililazimika kwanza kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia mpaka mwisho wake, kisha igeuke. Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa miongoni mwa walimu wa marubani wa kampuni yake. Alikuwa na haraka, wala si haraka ya kipuuzi: sheria za Uholanzi ziliweka mpaka wa saa za kazi za marubani, na akichelewa zaidi abiria wake wangelala kisiwani. Tena mawingu yalikuwa yakija. Kila nafasi ya kuona ilionekana kuwa huenda ni ya mwisho.

KLM ilifika mwisho wa barabara ikageuka. Pan American ilikuwa bado juu ya barabara ile ile, ikiitafuta katika wingu njia ya kutokea. Ndege hizo mbili hazikuonana. Mnara haukuziona wala hizo hazikuuona mnara, na kiwanja hakikuwa na rada ya kuangalia ndege zilizo chini. Yaliyobaki ni masikio. KLM ilipewa maelezo ya njia ya kufuata ikisharuka, na rubani wake akayachukua kana kwamba ni ruhusa ya kuruka. Mwongoza ndege aliiambia ingoje, na dakika hiyo hiyo Pan American ikasema kwamba ingali barabarani. Sauti mbili zikapanda redio kwa pamoja, na ndani ya KLM ukasikika mlio tu. Fundi wa mitambo wa KLM aliingiwa na shaka, akauliza kama yule Mmarekani hajaondoka. Akajibiwa kwa mkazo kwamba ameondoka. Saa kumi na moja na dakika sita jioni zikagongana. Watu 583 walikufa: wote 248 wa KLM, na 335 wa Pan American. Sitini na mmoja wa Pan American waliokoka.

Fikirini hali hiyo. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu Trident ijifunze kutua bila macho, na vyombo vya 747 vilikuwa bora kuliko vya Trident. Hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichofaa kitu, kwa sababu hatari haikuwa angani. Tangu siku hiyo lugha ya redio ilibadilishwa, na neno la kuruka halitumiwi na mnara wala na rubani ila pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Makampuni yalianza kuwafundisha marubani wadogo kusema, na marubani wakuu kusikiliza. Sheria ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Viwanja vikubwa viliwekwa rada za ardhini.

Na watu wa Tenerife walipata kiwanja kipya. Kilikuwa kimeanza kujengwa kabla ya msiba, upande wa kusini wa kisiwa, karibu na ufuo, chini ya kimo ambacho wingu huzaliwa. Kilifunguliwa mwezi wa Novemba, 1978. Los Rodeos nacho hakikufungwa, ila kimepewa jina jipya la Tenerife Kaskazini. Ndege za kila siku huruka na kutua hapo, na upepo wa bahari ukileta mawingu juu ya barabara, husimama zikangoja yapite, au hupelekwa kusini.